Darjeeling: Mji wa Mlimani Tulioufikia Mara Mbili

Wazee wetu husema kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Jioni ya leo twapenda kuwasimulia habari za mji ulio juu ya mlima katika nchi ya mbali, ambao sisi, mume na mke, tulijaliwa kuufikia mara mbili: mara ya kwanza mwaka 2012, na mara ya pili mwezi wa Desemba mwaka 2023. Mji huo waitwa Darjeeling, nao u katika milima ya Himalaya, upande wa kaskazini mashariki wa India. Watu wengi huenda huko ili waone theluji, nasi mara ya kwanza tulikwenda kwa ajili hiyo hiyo. Safari ya pili ilitufundisha habari ya maji, na hiyo ndiyo hasa tuliyokusudia kuwaleteeni leo.

Kwanza yafaa mpajue mahali penyewe. Himalaya ni safu ya milima iliyo mirefu kupita yote duniani. Jina lenyewe ni la lugha ya Kisanskriti, na maana yake ni makao ya theluji. Mlima Kilimanjaro, mrefu kupita yote ya Afrika, una kimo cha mita 5,895. Lakini mlima Kangchenjunga, unaoonekana kwa macho kutoka mji wa Darjeeling, una kimo cha mita 8,586, na hata hivyo ni wa tatu tu kwa urefu katika dunia nzima. Kama Kilimanjaro ungalisimamishwa ubavuni pake, zingalibaki mita 2,691 za mlima juu ya kilele cha Kibo. Mji wa Darjeeling wenyewe umejengwa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya Desemba yaishinda ile ya Njombe mwezi wa Julai.

Zamani nchi hiyo ilikuwa ya mfalme wa Sikkim, na waliokaa humo tangu kale ni watu waitwao Walepcha. Mwaka 1835 mfalme aliwapa Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki kipande hicho cha mlima, kwa kuwa walitafuta mahali pa baridi ambapo askari na maofisa wao wagonjwa wangepumzika, wakaepukana na joto la nchi ya chini. Daktari mmoja, Archibald Campbell, akawekwa kuuangalia mji. Mwaka 1841 alipanda mbegu za chai katika bustani ya nyumba yake, nayo miche ikastawi vizuri. Kwa habari hiyo ndogo mashamba makubwa ya chai yakaanza, na watu wengi wakaja kutoka Nepali kufanya kazi humo. Ndiyo sababu lugha ya mji hata leo ni Kinepali. Basi mahali palipoanza kuwa pa wagonjwa pakawa pa chai, na siku hizi ni mahali pa watalii, ambao huja kwa maelfu kila mwaka.

Mwaka 2012 tulikuwa wanafunzi katika mji wa Kolkata, tena hatujatimiza mwaka tangu kufunga ndoa. Joto la Kolkata lilikuwa limetuchosha, na rafiki zetu wakatushauri twende mlimani. Tukasafiri usiku kucha kwa gari la moshi, hata asubuhi tukafika kituo cha New Jalpaiguri, kilicho chini ya milima. Kutoka hapo iko reli ndogo ipandayo hata Darjeeling. Walakini mwaka ule haikuwezekana kuipanda toka mwanzo hata mwisho, kwa maana mwaka 2010 mlima ulikuwa umeporomoka mahali paitwapo Paglajhora, ukachukua reli pamoja na barabara. Jina hilo, Paglajhora, maana yake ni mkondo wa maji wenye wazimu. Waliolitoa walijua walisemalo. Tukapanda kwa gari dogo la abiria, tukizunguka kona baada ya kona, upande huu ukuta wa mlima, upande huu bonde lisiloonekana mwisho.

Tulipata chumba katika nyumba ya wageni ya mama mmoja mjane. Sisi tulimwita Didi, neno la Kinepali lenye maana ya dada mkubwa, naye akatuita bhai na bahini, yaani ndugu mdogo wa kiume na ndugu mdogo wa kike. Katika nchi ile mtu hamwiti mwenziwe kwa jina tu bila kumpa daraja ya undugu. Nasi tuliolelewa kumwamkia kila mkubwa kwa kaka, dada, shangazi au mjomba, tukaona kwamba hatukuwa mbali na kwetu. Tena jioni ya kwanza Didi alisonga unga wa mahindi juu ya moto, akatupakulia na mboga za majani. Chakula hicho wao hukiita dhindo. Ndugu wasikilizaji, huo ulikuwa ugali. Tulinawa mikono, tukaumega, tukautowea kwenye mboga, tukaomba tena. Didi alicheka sana, maana wageni wengine wa mjini humtaka wali na mkate.

Kesho yake saa kumi za alfajiri tukaenda Tiger Hill, kilima cha karibu mita 2,600 ambapo watu hungojea jua. Tulikuta umati wa watu wamesimama gizani, wamejifunika mablanketi, na wanawake wakiuza chai ya moto katika vikombe vidogo. Halafu, kabla jua lenyewe halijaonekana, kilele cha Kangchenjunga kikawaka mbele yetu, kwanza chekundu kama kaa la moto, kisha rangi ya dhahabu, kisha cheupe kabisa, na sisi chini bado tukiwa gizani. Watu wote wakanyamaza. Ni jambo ambalo mtu hulisimulia hata uzeeni.

Mlima huo una heshima kubwa kwa watu wa huko. Jina lake hufasiriwa kuwa hazina tano za theluji kuu, kwa sababu ya vilele vyake vitano. Mnamo tarehe 25 Mei mwaka 1955 Waingereza wawili, George Band na Joe Brown, walikuwa watu wa kwanza kuupanda. Lakini mfalme wa Sikkim alikuwa ameombewa ahadi kwamba kilele kitakatifu hakitakanyagwa. Basi watu wale, walipobakiza hatua chache tu, walisimama, wakatazama, wakarudi. Na wengi waliowafuata wamefanya vivyo hivyo. Twasimulia habari hii ili wanafunzi wajue kwamba kufika si lazima kukanyaga.

Tena Darjeeling ndiko alikokaa Tenzing Norgay, ambaye tarehe 29 Mei mwaka 1953, pamoja na Edmund Hillary wa Nyuzilandi, alifika juu ya Everest, mlima mrefu kupita yote. Alianza kama mchukuzi, akibeba mizigo ya wapanda milima wa kigeni. Mwaka 1954 chuo cha kufundisha upandaji wa milima kilifunguliwa mjini humo, naye akawekwa kuwa mkuu wa mafunzo. Alifariki mwaka 1986, na sanamu yake imesimama chuoni hapo hata leo.

Hizo ndizo habari za safari yetu ya kwanza. Tulirudi nyumbani, tukashika kazi ya ualimu, tukapata watoto. Picha ya mlima ule tuliitundika ukutani. Katika miaka iliyofuata tulisikia mambo mengine ya huko, nayo hayakuwa ya furaha. Mwaka 2017 wenyeji wa vilima vile, waliokuwa wakidai jimbo lao wenyewe ndani ya India, walifanya mgomo wa siku 104. Maduka yalifungwa, magari yakasimama, chai ikaachwa mashambani bila kuchumwa, na wageni wote wakaondoka. Tulimkumbuka Didi, tukajiuliza anaishije. Basi tulipopata nafasi ya kwenda India tena, mwishoni mwa mwaka 2023, tuliafikiana mara moja kwamba hapana budi tupande mlimani.

Safari hii reli ilikuwa imekwisha tengenezwa, nasi tukaipanda. Reli hiyo ilijengwa miaka ya 1879 hata 1881, nayo yastahili kusimuliwa. Upana wake baina ya chuma na chuma ni sentimita 61 tu, hata mtoto wa shule angeweza kuuruka bila taabu. Urefu wake ni karibu kilomita 88, na katika mwendo huo hupanda kutoka uwanda wa chini hata kituo cha Ghum, chenye kimo cha mita 2,258, kisha hushuka kidogo kuingia Darjeeling. Haina hata tundu moja lililotobolewa katika mlima. Mahali palipo na mwinuko mkali waliijenga kwa akili: mahali pengine reli hujizungusha kama nyoka aliyejikunja, ikapita juu ya njia yake yenyewe, na mahali pengine gari huenda mbele, likasimama, likarudi kinyumenyume huku likipanda, kisha likaenda mbele tena, nalo limekwisha fika juu ya pale lilipokuwa. Mmoja wetu alisema kwamba leo ameona kurudi nyuma kulivyo kupanda. Mwaka 1999 reli hiyo iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Siku hizi magari ya safari ndefu huvutwa na injini za dizeli, ila injini za zamani za mvuke bado hupeleka wageni baina ya Darjeeling na Ghum, na mbele yake hukaa watu ambao hutia mchanga juu ya chuma ili magurudumu yasiteleze.

Njiani tulipita mashamba ya chai. Kwetu sisi katika Kericho na Mufindi chai huchumwa mwaka mzima. Huko baridi huifanya ilale tangu Desemba hata Februari, nasi tuliwakuta watu wakiipogoa. Majani ya kwanza ya mwezi wa Machi ndiyo ya thamani kuu. Chai yetu aghalabu hukatwa na kusagwa kwa mashine mpaka ikawa punje ndogo, nzuri kwa maziwa na sukari. Yao hunyaushwa, ikaviringishwa taratibu, jani likabaki jani, nao hupenda kuinywa kavu, ikiwa na rangi ya asali. Wachumaji wengi ni wanawake, na kikapu hukibeba mgongoni kwa mkanda unaopita juu ya utosi, kama wafanyavyo akina mama wa Ukikuyu na kuni zao. Mwaka 2004 jina la chai hiyo lililindwa kwa sheria ya India, ili mtu wa mahali pengine asiuze chai yake kwa jina la Darjeeling.

Tulipofika mjini tuliuona umenenepa. Palipokuwa na nyumba za mbao na bustani, pamesimama majumba ya saruji ya ghorofa nne, tano na zaidi, yameegemeana juu ya mteremko kama watu katika lori. Barabara ilikuwa imejaa magari ya wageni, maana Krismasi ilikuwa imekaribia. Tukaitafuta nyumba ya Didi, tukaiona. Alikuwa amezeeka kidogo, na goti lake moja lamwuma. Alitutazama kitambo, halafu akapiga kofi, akasema: "Ninyi ndio wale mliokula dhindo na kuomba tena!"

Katika chumba cha kuogea tulikuta pipa la plastiki lenye kifuniko, na ukutani karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba kila mgeni ana ndoo moja kwa siku. Mwaka 2012 ndoo zetu zilitukuta mlangoni kila asubuhi, zimejaa maji ya moto. Wazee walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Safari hii tuliomba tuone vinavyoundwa. Didi alishangaa, akasema kwamba wageni huamka alfajiri ili wakatazame jua, hajamwona aliyeamka kutazama maji. Lakini akakubali.

Saa kumi za usiku tukashuka pamoja naye na mwanawe kwa ngazi za mawe, tukiwa na taa ya mkono na kigari cha mbao chenye magurudumu madogo. Chini ya mtaa wao iko chemchemi, ambayo huko huitwa dhara. Maji hutoka katika ubavu wa mlima kupitia mdomo wa jiwe, na juu yake pamejengwa kijumba kidogo cha ibada, na vitambaa vyekundu vimefungwa mtini, kwa kuwa watu wa huko huihesabu chemchemi kuwa mahali patakatifu. Tulikuta madumu na ndoo zimepangwa mstari mrefu, nyingine zimewekwa tangu jioni zishike zamu ya wenyewe. Kila mtaa una chama chake cha wenyeji, na chama hicho ndicho kiwekacho sheria: nani aanze, kila nyumba ipate madumu mangapi, na nguo zifuliwe wapi ili uchafu usirudi kwenye maji ya kunywa. Hapakuwa na ugomvi. Lakini maji yenyewe yalikuwa membamba kama kidole cha mkono. Tulitazama saa: dumu la lita 20 lilijaa kwa dakika nne. Haba na haba hujaza kibaba. Ila mahali pale kibaba kilikuwa na watu arobaini wanaokingojea.

Zamu yetu ilipofika, jambo la kuchekesha likatokea. Watu wa huko huchukua maji mgongoni, kwa ule mkanda wa kichwani. Mmoja wetu, yule wa kike, alikunja kitambaa akafanya kata, akaiweka kichwani, akatua ndoo juu yake, akapanda zile ngazi mikono yake mitupu, bila kumwaga hata tone. Akina mama wakaacha mstari wakamtazama. Mmoja akajaribu naye, akalowa maji mpaka miguuni, wote wakacheka, hata baridi ikasahauliwa. Yule mwingine wetu alisukuma kigari, na habari zake hazina la kusimulia.

Tulipokwisha kunywa chai tulimwuliza Didi jambo lililokuwa moyoni mwetu: je, wageni kama sisi si mzigo? Ndoo zetu mbili za kuoga ni dakika nane za chemchemi, na nyuma yetu kulikuwa na watu waliokuwa wakingojea maji ya kupikia watoto uji. Didi hakujibu upesi. Kisha akasema hivi: "Bhai, mwaka 2017, siku zile za mgomo, hakukuwa na mgeni hata mmoja. Mapipa yangu yote yalijaa maji, na sufuria zangu zote zilikuwa tupu. Sasa sufuria zimejaa, na mapipa ni matupu. Sijapata kuviona vyote viwili vimejaa siku moja." Twaona ya kwamba katika maneno hayo machache mna habari nzima ya miji yote inayopendwa sana na wageni. Mgeni huleta riziki, tena hunywa kisima. Wala haifai kumfukuza, wala haifai kumwacha anywe bila hesabu.

Huenda mtauliza: mji wenye mvua nyingi namna ile, zaidi ya milimita 2,000 kila mwaka, hukosaje maji? Swali hilo ni la haki. Sababu ya kwanza ni kwamba mvua karibu yote hunyesha katika miezi michache, tangu Juni hata Septemba, na mji u juu ya mgongo wa mlima, hauna mto. Maji huteremka mbio, yakaenda zake. Sababu ya pili, maji ya mabomba hutoka katika maziwa mawili ya kuchimbwa yaliyo Senchal, karibu na kile kilima cha Tiger Hill. La kwanza lilitengenezwa mwaka 1910 na la pili mwaka 1932, wakati mji ulipokuwa mdogo. Mwaka 2011 watu walipohesabiwa, wenyeji peke yao walipita 118,000, bila kuwataja wageni. Sababu ya tatu, ardhi iliyokuwa ikinywa mvua imefunikwa kwa saruji. Tena fikirini jambo hili: kila alfajiri magari kwa mamia hupita kando ya msitu wa Senchal yakienda Tiger Hill, watu wakatazame jua. Wapitao hapo huota habari za kilele cha theluji, na chini ya miti ile ile ndimo yatokamo maji watakayoogea wakirudi.

Wala msidhani kwamba taabu ya mlima ni uhaba peke yake. Maji yakizidi nayo ni msiba. Miezi miwili kabla hatujafika, tarehe 4 Oktoba mwaka 2023, ziwa la barafu liitwalo South Lhonak, juu kabisa katika Sikkim, lilipasuka kingo zake. Maji yalibomoa bwawa kubwa la Chungthang, yakashuka kwa mto Teesta, watu wengi wakapotea. Siku moja tulishuka kulitazama bonde hilo. Tuliona nyumba zilizozikwa kwa mchanga na matope hata madirishani, na mto wenyewe umeinuka juu ya kitanda chake cha zamani. Na mwezi wa Oktoba mwaka 2025 tulisikia redioni kwamba mvua kubwa imeporomosha milima katika wilaya ya Darjeeling yenyewe, hasa pande za Mirik, ikaua watu zaidi ya 20. Mlima usiotunzwa huwanyima watu maji wakati wa kiangazi, ukawazamisha wakati wa masika.

Sasa twafika kwenye habari njema, ambayo ndiyo tuliyoona inafaa kusafiri nayo hata kwetu. Katika Sikkim, jirani wa Darjeeling, serikali na wanavijiji walianza mwaka 2008 kazi iitwayo Dhara Vikas, yaani kuzistawisha chemchemi. Waliona kwamba chemchemi haina maji yake yenyewe. Ni mvua iliyozama ardhini mahali pa juu, ikatembea polepole katika nyufa za miamba, ikatokea chini. Basi mtu akitaka kuiponya chemchemi, asianze kuchimba pale yatokapo maji; apande juu, atafute mahali mvua inapoingia. Wataalamu walijifunza namna miamba ilivyolala, wakaona kwamba mara nyingine mahali hapo hapako hata juu ya chemchemi yenyewe, bali upande mwingine wa kilima, kwa jinsi tabaka za mawe zilivyoinama. Huko wakachimba mitaro mifupi ya kukinga mteremko, na mashimo, na vidimbwi, wakapanda miti na majani ya kushika udongo. Mvua ikinyesha hukaa humo, ikazama badala ya kukimbia. Chemchemi nyingi zilizokuwa zimedhoofika kiangazi zimepata nguvu tena. Kazi yenyewe ni ya jembe na sepetu, na gharama yake si kubwa kuliko ya kuvuta mabomba kutoka mbali.

Tulipozisikia habari hizi tuliwakumbuka Wamatengo wa Mbinga, ambao tangu zamani hulima kwa mashimo yaitwayo ngoro, mvua ikaingia shimoni badala ya kuchukua shamba. Wazee wale hawakusoma chuo chochote cha maji, lakini walijua. Ujuzi wa namna hiyo usiachwe upotee kwa kuwa ni wa kijijini.

Basi, ndugu wasikilizaji, twapenda mshike mambo mawili katika habari za leo. La kwanza ni la msafiri. Ukiwa mgeni, popote, uliza ndoo unayoogea imetoka wapi, na nani aliyeamka kuiteka. Ukilijua hilo utaoga kwa nusu yake wala hutaona umepungukiwa, na mwenyeji wako atafurahi kukuona ukirudi. La pili ni la mwenyeji. Kama kijiji chenu kina chemchemi, msiihesabu kuwa ni ya milele. Msikate miti iliyo juu yake, msilishe ng'ombe penye chanzo, na mteremko wake mkaukingie mitaro ya kuzamisha mvua kabla ya masika.

Nanyi wanafunzi twawapa kazi. Kesho mkitoka shule, chukueni dumu la lita 20 mwende kwenye chemchemi yenu, mtazame saa, mwandike katika daftari lijaa kwa dakika ngapi. Fanyeni hivyo kila mwisho wa mwezi, masika na kiangazi, wala msikose. Baada ya mwaka mtakuwa mmeyajua mambo ya kijiji chenu ambayo hata wazee hawakuyaandika, na ikiwa hesabu inazidi kukua mwaka hata mwaka, yaani dumu linachelewa kujaa, wapelekeeni wakubwa daftari hilo mkawaonyeshe. Watawasikiliza, maana tarakimu haina makelele, lakini hainyamazishwi.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo jioni ya leo.